Mbula Alichagua Ile Ndogo

Mbula wa Kabati hakuwa mwanamke wa kutishwa na kelele. Alikuwa na duka la jumla pale sokoni, la sukari, unga, mafuta ya taa na misumari, na alikuwa na mdomo wa kuendesha maduka matatu. Mteja akishikashika vitu bila kununua aliambiwa papo hapo, "Kama ni kupapasa, nenda ukapapase mbuzi wako!" Watu walicheka, na bado walinunua. Lakini mwaka wa 1989 mumewe, Mutunga, aliuawa kwa panga barabarani akirudi na bidhaa, na waliomuua hakuna aliyewajua. Tangu siku hiyo Mbula alipunguza maneno. Akawa anatazama mlango kwanza ndipo anajibu salamu.

Mwaka wa pili wa ujane wake, maduka yakaanza kuvunjwa. Wakaanza na la nafaka kule mwisho wa soko, wakaja la dawa, kisha la Mbuvi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mbuvi alipigwa rungu akapoteza jicho. Wiki hiyo hiyo wanaume wawili wageni waliingia kwa Mbula mchana kweupe, wakaomba sigara mbili. Mmoja alilipa. Mwenzake hakuangalia sigara wala mwenye duka, alikuwa anaangalia mabati ya juu, taratibu, pembe kwa pembe, halafu akasema, "Mama, unalala peke yako humu?" Mbula akamjibu, "Nalala na Mungu." Yule mtu akatabasamu, wakatoka. Mbula akafunga duka kabla ya jioni.

Ndipo akaomba leseni ya silaha. Ilichukua miezi tisa, kama mimba, barua hii na barua ile, ofisi hii na ofisi ile, na mwisho ikatoka. Akavaa gauni lake la kanisani, akapanda basi la Nairobi, akaenda kwa duka la bunduki alilokuwa ameelekezwa.

Muuzaji aliitwa Irungu, mzee wa Murang'a aliyestaafu polisi, mtu wa sauti ya chini. Alitandaza kitambaa cha kijani juu ya meza, akaweka bastola mbili ubavu kwa ubavu. Moja ilikuwa kubwa, mtutu mrefu, mpini wa kujaza kiganja. Ya pili ilikuwa fupi na nyembamba, ingeingia kwa mfuko wa koti na koti lisijue.

"Hii kubwa inabeba risasi kumi na tatu," Irungu akasema. "Ndogo inabeba saba."

"Na zote zinaua?"

"Zote zinaua, mama. Kama hilo ndilo swali, hakuna tofauti."

Alimpeleka nje ya mji, mahali pa kujifunzia shabaha, kwenye shimo la zamani la mawe. Mbele yao palisimamishwa kadibodi lenye umbo la mtu. Mbula alianza na kubwa. Alidhani itamtupa chini, lakini wapi! Uzito wake wenyewe uliituliza. Kiganja kilishika mpini wote, vidole vyote vikapata mahali, na katika risasi kumi, saba zilimpata yule mtu wa kadibodi kifuani. Mbula akajikuta anacheka peke yake. Tangu amzike Mutunga hakuwa amecheka hivyo.

Kisha akachukua ndogo. Hiyo ilipiga teke kama punda wa kuazimwa. Kidole chake cha mwisho kilikosa pa kushika, kikabaki kinaning'inia hewani, na chuma kikamng'ata hapa kati ya dole gumba na shahada, damu ikatoka. Katika risasi kumi, mbili tu ndizo zilizogusa kadibodi, na moja ya hizo ilipita sikioni.

"Watu hudhani ndogo ni ya wanawake," Irungu alisema akimfunga kidonda kwa kitambaa. "Si kweli. Ndogo ni ya fundi. Anayeanza hupewa kubwa."

"Sasa hiyo kubwa nitaivalia wapi, mzee? Mimi sina mshipi. Niifunge juu ya gauni niende nayo ibadani? Nikipiga magoti ianguke mbele ya mchungaji?"

"Uifunge kiunoni, waione. Mwizi akiiona ataenda kwa mwingine."

"Au aje na wenzake sita waichukue hiyo yenyewe."

Irungu hakubisha. Aliwahi kuona hayo. Akazipangusa zote mbili polepole, halafu akasema maneno ambayo Mbula aliyasikia kwa sikio moja tu.

"Mama, kubwa ina adabu moja. Inakusumbua. Inakukwaruza ubavu, inakuvuta nguo, kila dakika inakukumbusha kwamba umeibeba. Ukienda mahali isipofaa kwenda, utaifungia kwa sefu au uikabidhi kituo cha polisi, kwa sababu huna pa kuificha. Ndogo utaizoea. Na mimi, mtu aliyezoea bastola namwogopa kuliko mwizi."

"Mzee, wewe hulali Kabati," Mbula akamjibu. Akachagua ile ndogo.

Alirudi nayo kwenye kiondo chake cha mkonge, imefungwa kwa kitambaa cha kichwa, chini kabisa, na juu yake sukumawiki. Hakumwambia mtu. Mbuvi mwenyewe wa jicho moja, aliyekunywa chai kwake kila asubuhi, hakuambiwa. Binti yake wa pekee, Mumbua, aliyeolewa Mbooni, hakuambiwa pia. Siri ya watu wawili si siri tena, na siku wezi watakapojua kuna bastola kwa Mbula hawatakuja kutafuta sukari.

Mwezi wa kwanza kiondo kilimchoma mkono. Mwezi wa tatu kilikuwa kiondo tu. Kilikaa chini ya meza ya duka akiuza, miguuni pake kanisani akiimba, kando ya mto akilala. Aliapa kwamba hatakanyaga barabara iliyommeza Mutunga bila kile kitu, na hakukanyaga. Lakini sijui niseme nini juu ya kilichomwingia moyoni. Alianza kuwatazama watu vifua. Mteja akisimama mbele yake anahesabu misumari, macho ya Mbula yalishuka yenyewe hadi pale vifungo vya shati vinapopangana, yakatulia hapo. Siku moja alikuwa anamwangalia mzee wa kanisa hivyo hivyo. Alishtuka, akaenda nyuma ya duka akanawa uso kwa maji baridi.

Mwezi wa sita Evanson, mume wa Mumbua, akapiga simu dukani. Mumbua amejifungua msichana!

Mbula alipiga kigelegele hadi Mbuvi akatoka mbio na rungu mkononi. Na alikuwa na haki ya kupiga. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza huitwa kwa nyanya wa upande wa baba, wa pili huitwa kwa nyanya wa upande wa mama. Mumbua alikuwa ameshazaa Kalunde, jina la mama mkwe wake, kisha wavulana wawili, kisha miaka sita kimya. Mbula hakuwa na mtoto mwingine. Jina lake lilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea duniani tena, na mlango huo sasa ulikuwa umefunguka. Siku ya tatu wanawake wangekusanyika Mbooni, uji ungepikwa, na kule juu kwenye vilima kungekuwa na Mbula mwingine, mdogo, wa kulia na kunyonya. Alirudia jina hilo peke yake akifunga duka, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Alikijaza kiondo: unga wa wimbi, sukari kilo nne, sabuni, na shali nyeupe aliyoifuma mwenyewe. Chini kabisa, mahali pake pa kila siku, kikabaki kile kitambaa cha kichwa. Hakukiweka siku hiyo. Kilikuwa tayari humo. Hata hakukifikiria.

Alishuka basi Kikima, mji mdogo wa Mbooni, saa nne asubuhi, akapanda njia ya mwinuko kati ya mashamba ya mahindi na miparachichi, ukungu bado uko mabondeni, kiondo mgongoni na kamba yake kipajini. Alifika akihema. Na pale kwenye kona ya mwisho, alipowasikia wanawake wakianza kumwimbia, ndipo alipokumbuka. Alisimama kabisa. Jasho likamtoka upya.

Kwa maana mgeni hafungui kiondo chake mwenyewe. Mtoto mchanga akienda kuonwa, wenye nyumba humlaki mgeni langoni, humtua mzigo, hukipeleka kiondo ndani, humimina kila kilichomo mbele ya wanawake wote wakisifu kimoja kimoja, halafu hutia chao kidogo ili asirudi mikono mitupu. Mbula alikuwa ameyafanya hayo mara mia. Alikuwa amemimina vyondo vya wengine tangu akiwa msichana. Bastola ilimfanya asahau, kwa sababu miezi sita kiondo chake hakikuguswa na mkono mwingine.

Aligeuka atafute kichaka. Hapakuwa na kichaka, palikuwa na mahindi ya magotini na wanawake ishirini wanaomjia wakicheza. Mbele alikuwa Kalunde mwenyewe, mama yake Evanson, mama mkubwa wa kanisa, mikono imenyooshwa.

"Mama Mumbua! Karibu, karibu, lete nikutue!"

"Acha tu, Mama Evanson. Nitakibeba."

"Ubebe kwangu? Utaniaibisha!" Kalunde alicheka, akashika kamba. Mbula akashika upande wake. Wakavutana kidogo, wote wawili wakicheka, kisha Kalunde akaona kwamba mwenzake anacheka kwa meno tu. Akaachilia. Wimbo ukaendelea nyuma yao, ila ulipungua sauti moja, ukapungua nyingine.

Ndani, Mumbua alikuwa ameketi kitandani, uso umejaa furaha. "Mwaitu," akamwita mama yake kwa lugha ya nyumbani, akamnyooshea mtoto. Mbula akaketi kwenye kigoda, akabana kiondo katikati ya magoti, akampakata mtoto juu yake. Mtoto alikuwa na nywele nyingi, na alama ndogo ya ukucha shavuni alikojikwaruza. Mbula alimnusa utosini. Furaha ilimjaa, na wakati huo huo chuma kilimgusa paja kupitia mkonge. Risasi ilikuwa tayari chembani, imebaki kufyatuliwa tu. Siku zote ilikuwa tayari, hivyo ndivyo alivyokuwa amezoea.

"Haya, tuone susu, nyanya wetu, ametuletea nini," mwanamke mmoja akasema akikisogelea kiondo.

"Nitatoa mwenyewe!"

Ilitoka kwa ukali, ile sauti yake ya dukani. Mtoto akashtuka. Mbula akamrudishia Mumbua, akainama, akaanza kutoa kwa mkono wake. Unga. Sukari. Sabuni. Shali. Hakuna aliyesifu. Wanawake walikuwa wanaangalia mkono unaoingia na kutoka kama wa mtu anayeiba kwake mwenyewe.

"Ni hivyo tu," akasema.

Sasa, kiondo kikiwa kitupu hujikunja. Kila mwanamke wa Ukambani analijua hilo, wengi wao huvifuma. Hiki kilikaa wima. Tako lake lilikuwa limetulia sakafuni, zito.

"Hakijaisha," Kalunde akasema polepole.

"Kimeisha."

"Mama Mumbua, kuna kitu ndani."

"Ni vitu vya duka. Karatasi."

Mbula aliwaona wanafikiri, na alijua wanafikiri nini. Nyanya amekuja kumwona mchanga wa siku tatu, amekataa kutuliwa kiondo, amempakata mtoto juu yake, na ndani amebakiza kitu asichotaka kionekane. Jambo hilo Ukambani lina jina moja, uoi, yaani uchawi, na mwenye nao hapewi mtoto amshike, sembuse kuitwa jina lake. Hata waliookoka miaka ishirini walikuwa wamerudi nyuma hatua moja.

Angeweza kuitoa. Mkono wake ulishuka hadi kitambaa. Lakini midomo ishirini, jamani! Jioni Kikima nzima ingejua, kesho ingejua Machakos, na keshokutwa yule mtu wa kutazama mabati angejua. Na aitoe vipi, bastola yenye risasi, hatua moja kutoka kichwa cha mtoto? Akaondoa mkono. Akakivuta kiondo kifuani, akakikumbatia. Hapo ndipo alipojimaliza.

Kalunde hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alimchukua mtoto mikononi mwa Mumbua, akaenda naye upande wa pili wa chumba, penye mlango, akamgeuza uso ukutani asitazamane na mgeni. Akaomba sala fupi. Kisha akasema, "Mtoto huyu ni Muthoki, kwa dada wa baba yake. Tumemngojea sana."

Wanawake wakaitikia, "Muthoki." Mumbua alifungua mdomo. Akamtazama mama yake, akakitazama kiondo, akamngoja aseme neno lolote. Mbula aliinuka akasema basi litamwacha, na hakuna aliyembembeleza abaki. Kwenye njia ya kushuka alijitukana kwa sauti hadi Kikima.

Wezi hawakuja. Mwezi uliofuata walikamatwa wanne kule Matuu, na yule wa kutazama mabati alikuwa mmojawao. Soko likashangilia. Mbula alisikia akiwa anapima mafuta ya taa, akaendelea kupima hadi yakafurika.

Siku chache baadaye, mchana, Mumbua akaingia dukani, mtoto mgongoni, viatu vimejaa vumbi. Hakukaa. Mbula alifunga mlango wa mbele, na wateja wakabisha bila kujibiwa.

"Mwaitu, nimekuja peke yangu. Evanson hajui," Mumbua akasema. "Mwezi mzima nimegombana na watu wake. Mtoto akikohoa, ni wewe. Ng'ombe akikataa kushusha maziwa, ni wewe. Nimewaambia mama yangu si mchawi, nimeapa kwa Biblia mbele ya Mama Evanson. Sasa niambie. Kulikuwa na nini?"

Mbula alivuta kiondo chini ya meza, akafungua kitambaa, akaiweka juu ya mizani, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Nyeusi, fupi, nyembamba. Sahani ya mizani ikashuka.

"Ni ya leseni," akasema haraka haraka. "Karatasi zote ninazo. Nilinunua kwa ajili ya barabara, mwanangu, kwa ajili ya baba yako. Nilikuwa na mbili za kuchagua, na kubwa haingefichika. Ningeiacha kituo cha polisi Kikima, ningekuja kwenu na kiondo kisicho na siri. Hii niliisahau. Kweli ya Mungu, niliisahau! Sasa umeona. Nenda uwaambie si uoi. Jina bado laweza kurudi, hata kanisani hajabatizwa."

Alikuwa anatabasamu. Mwezi mzima alikuwa anangoja aulizwe na mtu mmoja tu wa kumwamini, na huyu hapa. Mumbua alikitazama kile kitu kwenye mizani.

"Ilikuwa na risasi?"

"Ilikuwa nayo, lakini..."

"Ulimweka mtoto wangu juu yake."

"Mumbua."

"Ulimpakata juu yake ukimnusa. Mimi nikikuangalia nikifurahi." Sauti yake haikupanda. "Mwaitu, afadhali ungekuwa mchawi. Mchawi huombewa akaokoka. Wewe utaombewa nini? Si unaona hata sasa mkono wako ulipo?"

Mbula akatazama chini. Kweli, mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya mpini, vidole vimejikunja, kile cha mwisho kikining'inia. Hakujua umefika lini hapo. Na alipoinua macho yalipita kwanza kifuani mwa binti yake, pale leso ilipofungwa fundo, kabla ya kufika usoni. Mumbua aliyaona yakipita. Akarudi nyuma hadi mgongo wake ulipokaribia mlango, akakumbuka kuna mtoto mgongoni, akageuka upande, akafungua komeo kwa mkono wa kushoto.

"Nitawaambia ni uoi," akasema. "Hivyo watakaa mbali nawe, na hawatakuletea watoto."

Alitoka. Nje jua lilikuwa kali, na mtoto akaanza kulia. Mbula alimsikia binti yake akivuka soko akimbembeleza, "Nyamaza, Muthoki. Nyamaza, Muthoki wangu," hadi sauti ikamezwa na kelele za watu wa Kabati.